Damu ya Akiba

Mizani ilisema kilo arobaini na saba. Anayetoa damu sharti afike hamsini.

"Shuka, mama," alisema mtu wa maabara. "Wewe mwenyewe unahitaji kuongezwa."

Mfagizi alishuka. Miaka kumi na moja alikuwa amepiga deki chumba hiki, na leo ameingia bila ndoo. Katika wodi ya wazazi, ng'ambo ya ua, binti yake alijifungua salama asubuhi, kisha damu ikakataa kukatika. Daktari aliandika mifuko miwili, kundi O. Utaratibu wa hospitali ulijulikana: ukitaka miwili, lete watu wawili watoe. Mkwewe, fundi matofali, alikwisha kutoa. Wa pili hakupatikana.

Akaenda stoo ya usafi. Alijifunga kiunoni mnyororo wa lango la nyuma pamoja na kufuli lake, akavaa koti la kazi juu, akanywa maji hadi tumbo likauma. Aliporudi, mizani ikasema hamsini na nusu. Mtu wa maabara alimtazama kiuno, akamtazama usoni, akachukua sindano.

Kichwa kikimzunguka, alijikokota hadi dirisha la mtunza damu.

"Tumetoa miwili, baba. Nipe miwili."

"Yenu haijapimwa. Majibu kesho."

"Iliyomo kwenye jokofu imepimwa. Ya O ni sita. Mimi ndiye ninayelifuta hilo jokofu."

"Hiyo ni akiba ya Mheshimiwa. Anapasuliwa Alhamisi."

"Mheshimiwa kapanda ndege Jumatatu, kaenda kutibiwa nje! Shuka zake nimezitandua kwa mikono hii."

"Sijaletewa barua, mama. Nikiitoa bila barua, kazi sina."

"Na mwanangu?"

"Mungu yupo."

Alitamani kumtemea mate. Mungu yupo! Mungu hakulifunga jokofu lile. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa mtu aliyekula, akashiba, akapiga pasi shati.

Muuguzi wa wodi ya wazazi alitokea mlangoni, glavu zimelowa damu.

"Iko wapi hiyo damu? Midomo imeshakuwa myeupe. Nusu saa hana!"

"Inashughulikiwa," mtunza damu alijibu bila kuinua macho.

Mtu wa maabara akaja na mifuko miwili, wa fundi na wa mfagizi, akaiweka mezani. Mtunza damu alisoma lebo. Yote miwili O. Uso ukamkunjuka.

"Afadhali. Agizo lilisema minane, na mimi nilikuwa na sita tu."

Akachukua kalamu, akaandika juu ya kila mfuko, kwa herufi kubwa, jina la Mheshimiwa.

Mfagizi alipenyeza mkono dirishani, akaukamata wa kwake. Ulikuwa bado na joto.

"Achia, mama," mtunza damu alisema, akivuta upande wake. "Ukipasuka hapa, atadeki nani?"