Kahawa ya Mgonjwa

Jumatano alasiri Mahrous bin Khalaf aliegesha pikapu ya kampuni kwenye kivuli cha ukuta wa dada yake, akakung'uta vumbi la mji wa Adam kwenye kanzu, akavua makubadhi mlangoni na kuingia. Kaltham alikuwa amelala sebuleni juu ya godoro, kikohozi kimemkaba tangu mwanzo wa wiki. Mahrous alikula tende, akanywa finjani moja ya kahawa, akauliza habari za mbuzi, akaaga. Alipofika kwake alikuwa anakohoa yeye. Alikohoa mpaka baada ya sala ya Ijumaa, na dada yake akapata usingizi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Samad, huko Omani, mwanzoni mwa miaka ya themanini, angalau katika mtaa wa watu waliorudi kutoka Unguja. Mtu akiugua, jamaa huja kumtazama. Anayemtazama hupewa kahawa, na anayeinywa huondoka na kipande cha maradhi. Homa ikigawanywa kwa jamaa wengi haimwui mtu. Huyu atatetemeka kidogo baada ya Isha, yule atakosa hamu ya chakula, na kukicha imekwisha. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba mnywaji atoke nyumba nyingine. Maradhi hutoka na anayetoka, na wanaoishi na mgonjwa wangeweza kumaliza dele zima la kahawa wasimpunguzie kitu. Wenyeji wa Samad walisema desturi hii ni yao tangu enzi za mababu, waliorudi wakasema wameitoa Unguja, na ubishi huo uliwapa watu la kuzungumza mwaka mzima.

Mahrous alikuwa mshika stoo wa kampuni ya Kimarekani iliyokuwa ikichimba visima vya mafuta jangwani, kusini ya Adam. Kampuni iliwapenda watu wa Unguja kwa kuwa walijua Kiingereza. Mmoja alipoajiriwa alimwingiza binamu yake, binamu akamwingiza shemeji, mpaka ikawa wanaume wengi wa mtaa wanavaa kofia ya plastiki ya rangi moja. Kila mfanyakazi alipewa kadi ya bima ya matibabu, yeye, mkewe na watoto wake. Wazee waliiita kadi ya taamini. Mahrous hakuipenda sana kampuni, lakini kadi aliipenda, na sababu yake ilikuwa Fawziya.

Fawziya alikuwa mwanawe wa pekee, na alikuwa na miaka saba. Alizaliwa na maradhi ya damu. Yakimpanda, mifupa humuuma kama inayovunjwa, naye hupiga kelele mpaka sauti inakauka. Hospitali ya kambi ya kampuni ilikuwa na damu kwenye friji na sindano ya kutuliza. Maskati ilikuwa mbali zaidi, na hospitali mpya za serikali katika upande ule zilikuwa bado zinajengwa. Damu ya kambini na finjani za jamaa, vyote viwili kwa pamoja, ndivyo vilivyokuwa vikimvusha mtoto. Mahrous alikuwa mtu wa miraba minne mwenye sauti ya kuamrisha makuli, na alikuwa anaogopa. Aliogopa akiwa stoo, aliogopa akiwa kwenye sala, na aliogopa zaidi mtoto alipokuwa mzima anacheza, kwa kuwa hapo palikuwa na kitu cha kuharibika.

Daktari wa kambi ndiye aliyeliona jambo kwanza. Alimpokea dereva kijana mwenye uchungu wa uzazi, mdogo tu, wa nusu saa. Akampokea fundi wa jenereta mwenye ugonjwa wa mtoto wa jicho uliotoweka wenyewe. Abdullatif, binamu yake Mahrous, alifika kazini na kibiongo cha bibi mmoja wa Ibra, akakaa nacho mpaka siku ya pili. Daktari aliripoti kila kitu kama kilivyokuwa. Kampuni ya bima kule Amerika ikapokea ripoti, haikushangaa, ikapandisha bei.

Meneja wa kambi, Mista Dale, aliwakusanya wafanyakazi kwenye kantini. Alikuwa mtu mpole na alijua majina ya watoto wao wote. Aliwaeleza kuwa hata kwao gharama za kuugua zinapanda kila mwaka kama maji ya mafuriko, na kwamba wanasiasa wa kwao wanagombana juu ya nani aubebe mzigo wa wagonjwa: serikali, mwajiri, au mgonjwa mwenyewe. Hawajakubaliana. Wakati wanagombana, bei inapanda. Kwa hiyo mshahara ungekatwa zaidi kidogo.

Mahrous alimhadithia dada yake. Kaltham alikuwa mjane, mshoni wa nguo za kike, na hakuwa na kadi ya mtu yeyote.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona leo uso umekunjamana?"

"Wamarekani wamepandisha taamini. Wanasema tunabeba maradhi ya wasio na kadi, na bili inawaendea wao."

"Na kwao huko wagonjwa wanawafanya nini?"

"Kila mmoja na bima yake."

"Asiyekuwa nayo je?"

Mahrous alifikiri. "Hilo ndilo wanalogombania. Kila siku kwenye redio."

"Hawatazamani?"

"Wanapelekeana kadi yenye picha ya maua."

"Maskini," alisema Kaltham, na aliwahurumia kwa dhati.

Mwaka uliofuata Amerika walikuwa na uchaguzi, na bei ikatulia. Mshindi alipotangazwa ikapanda tena, na mara hii ikaja na amri. Mwenye kadi atakayekutwa na maradhi yasiyokuwa yake atanyang'anywa kadi, yeye na nyumba yake nzima. Daktari aliweza kuyatambua. Maradhi ya mtu mwenyewe yana mwanzo wake. Kipande cha mwenzako huingia kikiwa katikati, mithili ya mgeni asiyebisha hodi.

Hakuna aliyelalamika kwa sauti. Watu walikuwa na watoto. Kwanza walikuja kwa wagonjwa kama kawaida, wakainua finjani mpaka mdomoni na kuirudisha ilivyojaa. Wenye nyumba walijifanya hawakuona. Halafu wakaanza kuja wakiwa wamefunga, hata siku ambazo hakuna afungaye. Halafu wakawa wanasimama mlangoni, wanamwombea mgonjwa afueni na kukumbuka kuwa wameacha injini inawaka. Kunywa kukabaki kwa wasio na kadi: wajane, wazee, na wakulima wa mitende. Maradhi ya mtaa mzima yakawa yanapita vifuani mwa watu wachache. Bi Radhia, jirani yake Kaltham, alikufa mwezi wa Rajabu na magonjwa mengi mwilini, na hakuna hata moja lililokuwa lake.

Mwaka huohuo moyo wa Kaltham ukaanza kuchoka. Miguu ilimvimba, na kupanda vizingiti vya nyumba yake mwenyewe kukawa safari. Mahrous alikwenda kila Alhamisi. Alikaa mbele ya dada yake, yule aliyembeba mgongoni walipokuwa wadogo Unguja, akaishika finjani mpaka kahawa ikapoa. Kaltham hakumhimiza. Alimzungumzisha habari za bei ya vitambaa, na baina ya neno na neno alisubiri pumzi. Mahrous aliona aibu kubwa, akaona na hofu, na hofu ndiyo iliyoushika mkono wake.

Kila alipokuwa akirudi, mkewe Badriya alimngoja uani.

"Umekunywa?"

"Sikunywa."

"Wallahi?"

"Wallahi sikunywa."

"Alhamdulillahi," Badriya alisema, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kulia. Alimpenda sana wifi yake. Aliyemfunza kushona ni yeye.

Mwaka wa themanini na sita bei ya mafuta ilianguka. Mista Dale alimwita Mahrous peke yake, akamfungia mlango, akazima kiyoyozi kilichokuwa kikipiga kelele ili wasikilizane vizuri. Bima ilikuwa imepanda kupita uwezo, alisema. Watu wa Amerika wamepata njia ya kuishusha: hawatowabeba tena waliokuwa na maradhi kabla ya kadi. Fawziya alizaliwa nayo, kwa hiyo maradhi yake yalitangulia. Kadi ya Mahrous inabaki, ya Badriya inabaki.

"Sisi wazima," Mahrous alisema.

"Ndiyo," alisema Mista Dale. "Ndiyo maana."

Macho ya meneja yalikuwa yamejaa machozi. Alimpa boksi la biskuti ampelekee mtoto.

Baridi ya mwaka ule iliingia mapema, na baridi ndiyo iliyokuwa adui wa Fawziya. Maradhi yalimpanda adhuhuri. Mahrous alipojaribu kumwinua ampeleke kwenye gari, mtoto alipiga ukelele uliomfanya amrudishe godoroni, na alijua kuwa kwa njia ile ya mashimo hawatofika Maskati. Badriya akafanya yaliyofanywa siku zote. Alitandika mkeka, akakaanga buni na kuitwanga, akatia iliki, akajaza dele na kuufungua mlango wa mbele kwa upana wake. Mahrous alikwenda msikitini. Baada ya sala ya Alasiri alisimama, akasema, "Jamaa, mtoto wangu anaumwa."

"Allah yashfiha," walijibu wote, wakamwombea afueni kwa moyo.

Hakuja mtu. Mahrous na Badriya walikaa pande mbili za godoro. Mlango ukiwa wazi waliziona pikapu za kampuni zikipita polepole, kwa adabu, madereva wakitazama mbele. Mtoto alikuwa anauma kitambaa alichotiwa mdomoni asijikate ulimi. Badriya alikunywa finjani, akanywa na nyingine, ingawa alijua haitosaidia. Mahrous aliikalia mikono yake.

Jua lilipokuwa linapungua, aliingia Kaltham. Alikuwa na mkongojo, na midomo yake ilikuwa ya buluu kwa ule mwendo wa kutoka kwake, nao ulikuwa nyumba nne tu.

"Nimiminie," alimwambia Badriya.

"Dada, moyo wako..."

"Sikukuuliza moyo wangu. Nimiminie, mtoto anaumia."

Badriya alimtazama mumewe. Mahrous alitazama mkeka. Badriya akamimina.

Kaltham alikunywa. Mtu aliyetosheka huitikisa finjani ili asiongezewe, Kaltham hakuitikisa. Aliitoa mbele, ikajazwa, akanywa, akaitoa tena. Katikati alisita akashika paja, halafu kiwiko, halafu uti wa mgongo, kwa mpangilio uleule ambao mtoto alikuwa akiumwa. Fawziya alikitoa kitambaa mdomoni. Baadaye akanyoosha mguu. Dele lilipokwisha aliomba mkate na asali, na mama yake akaenda jikoni kumtafutia, akaufunga mlango wa jikoni apate kulia.

Mahrous alimshika dada yake mkono kumrudisha kwake, kwa kuwa ilikuwa lazima atoke. Walikwenda wakiushika ukuta. Kila hatua alisikia kitu ndani ya mwili wa Kaltham kikilia kama kuni mbichi jikoni. Watu waliokuwa milangoni walimwamkia naye akawaitikia, kila mmoja kwa jina lake.

"Nisamehe, dada," Mahrous alisema kizingitini.

"Nikusamehe nini? Una mtoto." Alivuta pumzi, ikachelewa kurudi. "Mimi sina kadi ya kunyang'anywa. Nenda, usimwache mwanao."

Alfajiri alikutwa amekufa.

Matanga yaliwekwa nyumbani kwa Mahrous, na walikuja wote. Chumba kilijaa, uani kukajaa, wengine wakakaa nje juu ya majamvi. Kahawa ya msiba haina maradhi ndani yake. Maiti hana cha kugawa, na kampuni haikuwa imeikataza. Watu walikuwa hawajanywa kwenye nyumba ya mwenzao kwa muda mrefu, na walikunywa kwa kiu. Walimsifu Kaltham kwa ukarimu wake na mkono wake wa kushona. Mista Dale naye alikuja, akakunja miguu kama wenyeji, akanywa na kusema ni kahawa nzuri. Alimnong'oneza Abdullatif kuwa Amerika wamekubaliana kujadili suala la bima upya, na kwamba wakati wanajadili, bei itapanda mwezi ujao.

"Mtoto vipi?" Abdullatif alimwuliza Mahrous.

"Alhamdulillahi. Amelala."

"Mkihitaji lolote, sisi tupo. Usione haya, Mahrous. Sisi jamaa."

Mahrous alimshukuru. Aliwatazama watu wale waliojaa chumbani kwake, damu moja naye, wazima, wenye mabega mapana. Kwa jinsi walivyokuwa wengi, maumivu ya mtoto yasingemfikia kila mmoja hata kwa kiasi cha kuumwa na mbu.

Badriya alikuwa akipita na dele, anamimina duru nyingine, ndipo sauti ikatoka chumba cha ndani.

"Mama," alisema Fawziya. "Mguu."

Hakulia. Alisema tu, lakini walisikia wote. Finjani zikaanza kurudi mkekani, moja baada ya moja, nyingine bado zimejaa mpaka ukingoni, na kila mtu aliiweka yake taratibu ili isigonge. Abdullatif alikuwa na kahawa mdomoni. Aliitema ndani ya leso, akaikunja leso kwa utulivu na kuitia mfukoni. Kisha wanaume wakainuka, wakampa Mahrous mkono mmoja mmoja, wakamwombea dada yake pepo, wakatoka kwenda kutafuta viatu vyao.