Kigari na Kamba ya Svarta

Borghild, mfugaji wa mbwa, hakumpa mtu mtoto wa mbwa kwa maneno ya sebuleni. Mji mzima wa Oppdal ulimjua hivyo. Ukimtaka seta mweusi, mbwa wa kuwindia ndege, kutoka kwake, yeye mwenyewe anakuja kwako na Svarta, mama wa watoto hao. Anakukabidhi kamba, mnatembea njia unayoipita kila siku, na mzigo unaokuwa nao kila siku. Mkirudi ndipo anasema ndiyo au la.

Ingvild aliyajua hayo. Ndiyo maana asubuhi ile alimnyonyesha mtoto wake Ylva, akamlaza kwenye kigari chake nje barazani kama ilivyo desturi ya huko, blanketi mpaka kidevuni, akamwomba jirani amtupie jicho. Tangu baba yake mzazi Ingvild afariki, na seta wa mzee naye kufa, alikuwa akitamani kuuona tena mgongo mweusi ukimtangulia mlimani. Mumewe, Torgeir, alikuwa kazini baharini, kwenye mitambo ya mafuta. Ingvild alishamwambia kwa simu: safari hii mbwa atapatikana, liwalo na liwe.

Borghild aliingia, akanywa kahawa yake wima.

"Huyo aliyelala nje ni wako?"

"Wangu, mama. Jirani atamwangalia."

"Kila siku jirani humwangalia?"

Ingvild akatazama viatu vyake. "Hapana."

"Basi twende naye. Au nimekuja kumpima jirani?"

Wakatoka. Svarta alikuwa mbwa mkubwa, manyoya yanameta, miguu ya rangi ya kutu. Hakuwa mbwa wa kutembea. Alikuwa mbwa wa kwenda mbio. Mkono mmoja wa Ingvild ukisukuma kigari, mwingine ukivutwa kuelekea vichakani, naye katikati kama nguo inayogombewa.

"Anajua kuvuta," akasema, akihema.

"Ukoo wake wote umezaliwa kutafuta kwale mlimani kutwa nzima. Ulidhani atakusindikiza dukani?"

Walipofika kwenye mteremko, Ingvild akafanya wanavyofanya akina mama wote wa kikundi chake cha wazazi wapya: akaizungusha kamba kwenye mpini wa kigari, akaifunga, akashika mpini kwa mikono miwili. Mabega yakapumzika. Borghild aliona. Akasogea karibu na kamba.

Sungura akachomoka kando ya njia.

Svarta akaruka, na kigari kikaruka naye. Magurudumu ya upande mmoja yakaacha ardhi. Ingvild akajitupa juu yake kwa kifua, akakirudisha chini, huku Borghild akiwa ameshaikamata kamba kwa mikono yote miwili, visigino vimezama topeni. Ylva akaamka, akalia kidogo, akanyamaza alipouona uso wa mama yake.

Ingvild alijaribu kuifungua ile kamba, fundo lilikuwa limekaza. Borghild akamfungulia.

"Nimemfunza miaka asifukuze sungura," Borghild akasema. "Lakini ni mbwa, si mashine ya kufulia."

"Wenzangu wote hufunga hivi."

"Wenzako wana mbwa wa kukaa mapajani."

Wakarudi, kamba ya Svarta mkononi mwa Borghild. Kwenye gari lake, Borghild akafungua mlango wa nyuma, mbwa akapanda, naye akageuka.

"Leo nataka useme wewe kwanza. Nikupe au nisikupe?"

Ingvild alikuwa na maneno tele: kwamba ua ni mkubwa, kwamba amelelewa na seta, kwamba angejifunza. Yote ya kweli. Akamtazama Ylva, aliyekuwa akinyonya kidole cha glavu yake.

"Usinipe," akasema. "Torgeir akiwa baharini nina mikono miwili tu. Na asubuhi hii nilitaka kumwacha mtoto nyumbani ili unione mtu mwingine. Huyo mbwa angekuja kuishi na mimi, si na huyo mtu mwingine."

Borghild hakumpigapiga begani, hakuwa mtu wa hayo.

"Mumeo anarudi lini?"

"Alhamisi."

"Jumamosi mje kwangu. Yeye asukume kigari, wewe umchukue Svarta, mpande mpaka penye theluji. Na Jumamosi inayofuata. Svarta atazaa tena, wakati huo Ylva ameshaanza kukimbia. Tutaona nani atakuwa anamvuta nani."

"Na watoto wa sasa?"

"Wana pa kwenda wote. Mmoja nilikuwa nimekuwekea. Huyo sasa anakwenda kijiji cha Lom, kwa mwindaji."

Hilo lilimuuma Ingvild, na hakulificha. Usiku Torgeir alipopiga simu na kuuliza mbwa ataitwa nani, Ingvild alimsimulia yote, kuanzia barazani.

"Kwa hiyo mimi ndiye dereva wa kigari," Torgeir akasema.

"Ndiyo, baba Ylva. Na ununue viatu vya mlimani. Hivyo vyako vinavuja."