Bafta ya Mama

Kaka yangu Twalibu alikuwa na kichwa kigumu, na mwanzoni mwa mwaka 1983 kichwa hicho kilitaka mabati. Korosho zilikuwa zimempa vijisenti, naye akaapa kwamba mama yetu, Mwanamkuu, hatapitisha masika mengine chini ya makuti yanayovuja. Nia njema, sikatai. Lakini fedha yote aliimalizia kwenye mabati na misumari ya magendo, hakubakisha hata ya kibiriti.

Fundi Mwishehe alipokuja kuitazama nyumba, aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Bwana Twalibu, nyumba ya zamani usiiamini kwa sura. Weka akiba kidogo. Tukifumua paa hatujui tutakutana na nini."

"Nyumba hii kaijenga marehemu baba," Twalibu akajibu. "Haina ugonjwa."

Utadhani mchwa walimjua marehemu baba wakamwonea haya! Paa lilipofumuliwa, fundi alishika nguzo ya kwanza na vidole vikazama. Ndani mlikuwa na vumbi tupu. Nguzo zote za chumba cha mama zilikuwa hivyo hivyo, udongo tu ndio uliozishikilia. Jioni ile ukuta ukalala chini wenyewe. Tukabaki na mabati mapya yamepangwa uani, mama kajikunyata jikoni kwa jirani yetu Paskalia, na mawingu yanajikusanya upande wa Mzenga.

Kurui kulikuwa na mtu mwenye nguzo ngumu. Fedha hatukuwa nayo, na hata yeye hakuitaka, maana mwaka ule fedha haikuwa na cha kununua. Maduka yalikuwa matupu. Yeye alitaka nguo.

Nguo ya maana mle nyumbani ilikuwa moja tu: bafta nyeupe ya sanda ya mama, aliyoinunua zamani kwa mihogo aliyoilima mwenyewe. Kila baada ya Ramadhani aliitoa sandukuni, akaianika kivulini, akaifukiza udi, akaikunja upya. Kufa hakukumtisha kwa sababu alijua atavaa nini. "Msije mkanizungusha kwa watu kuniombea nguo," alizoea kutuambia.

Sasa akaitoa, akamkabidhi Twalibu.

"Mama, hiyo haiguswi!" nikamaka.

"Mboni mwanangu, mvua hainisubiri nife. Mwache achukue."

"Nitakununulia nyingine, mama," Twalibu akasema. "Korosho za msimu ujao, kitu cha kwanza."

Nilimkazia macho mpaka akageuza uso. Nguzo zikaja, ukuta ukasimama, bati likapigwa. Mama alilala masika yale yote pakavu, na kila mvua ilipoanza kugonga bati alimwita Twalibu aje wasikilize pamoja.

Korosho hazijaanza hata kuanguka, mama akafariki alfajiri moja.

Twalibu alipanda baiskeli hadi Kisarawe mjini, akapitiliza mpaka Pugu. Alirudi mikono mitupu, macho mekundu, akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiomba nguo. Jambo lile lile ambalo mama alilikataa.

Aliyetupa ni Paskalia. Alileta shuka yake ya harusi, nyeupe, imetariziwa maua mekundu kila mahali. "Sijui kama itafaa," alisema huku analia, "lakini ni safi." Tulikaa na wembe tukifumua maua. Uzi ulitoka, matundu ya sindano yakabaki.

Mwanamke huvikwa sanda ya vipande vitano. Shuka ile, tulivyoipima na kuipima, ilitoa viwili. Nilimfunika mama kwa mikono yangu, na kila tundu nililiona.

Twalibu alikuwa nje ya mlango, kama mwanamume haruhusiwi kuingia. Maneno niliyomwekea tangu siku ya bafta yalikuwa yamenijaa mdomoni.

"Mboni," akaita. "Imetosha?"

Nikamtazama mama. Juu yetu bati lilikuwa linalia kwa joto la mchana.

"Imetosha, kaka," nikamwambia. "Imetosha."