Ovaroli ya Njano

Shafti yangu iligoma kuingia. Mhadhiri aliisukuma fimbo hiyo ya chuma kwenye ringi ya kupimia mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu akaikandamiza kwa kiganja, ikakataa katakata. Shafti thelathini na moja za wenzangu zilikuwa zimepita kwenye ringi ileile bila ubishi, zikapangwa mezani ziking'aa. Yangu akaiweka pembeni peke yake.

"Nyinyi wa Mpango," alisema, si kwa sauti kubwa, ila karakana nzima ilisikia. "Tunawafungulia mlango, bado mnataka na kupakatwa."

Wenzangu wakacheka. Mimi sikuinamisha kichwa, maana shafti ile nilikuwa nimeipima mara kumi na nne, kwa kipimo kinachokamata hata unene wa unywele.

"Ipime kwa maikromita, mwalimu."

"Ringi inatosha."

"Haitoshi," nikasema, na kicheko kikakatika.

Niseme kwanza nilikuwa nani siku hizo. Natoka kwenye jamii ndogo, ndogo kiasi kwamba kwenye fomu za chuo hatukuwa na kisanduku chetu. Tulitia alama penye "Wengineo". Chuo kikaanzisha Mpango wa kuwasaidia Wengineo wasome uhandisi. Tulikuwa tisa chuo kizima, na darasani kwangu nilikuwa peke yangu. Tulipewa chumba nyuma ya karakana, masomo ya ziada, na ovaroli. Za wengine zilikuwa za buluu. Zetu zilikuwa za njano, zimeandikwa MPANGO mgongoni kwa herufi kubwa, eti tutambulike. Tulitambulika kweli! Hata mpishi wa kantini aliniita Njano, na sidhani kama aliwahi kujua jina langu jingine. Mashine mpya ya kukereza vyuma ilipoletwa na zamu zikagawiwa, buluu ziligusa, njano ikaangalia.

Mashine hiyo ilikuwa na kioo cha namba za kijani. Unazungusha mkono wake, kioo kinakuambia chuma chako kimebaki unene gani. Ile ya chumba chetu cha nyuma ilikuwa kikongwe, namba zake zimefutika zote, mkono wake unacheza kama jino la mtoto. Fundi wetu, mama mmoja aliyestaafu kiwandani, mfupi, mwenye mdomo, hakuona tatizo lolote. "Kila mashine ni mwongo," alituambia, "tofauti ni kwamba hii yetu haijisingizii. Kata kidogo, simamisha, pima. Aliyechoka, mlango ule pale." Tulipima mpaka tukawa tunaota maikromita.

Siku ya mtihani ndiyo nilipoishika ile mpya kwa mara ya kwanza. Kazi ilikuwa shafti ya milimita ishirini na tano kamili. Wenzangu walitazama kioo, wakakata, wakamaliza. Mimi nilikata kidogo, nikasimamisha, nikapima. Kioo kikasema bado. Maikromita ikasema nimefika. Nikapima tena na tena, jasho linanitoka, kisha nikaamini mkono wangu nikaacha. Nilimaliza wa mwisho, na mhadhiri akaniuliza kama nilikuwa naichonga kwa kucha.

Kanuni ya Mpango ilikuwa fupi: ukifeli somo moja, unafungasha virago. Shafti ile pembeni ya meza ndiyo ilikuwa safari yangu ya kurudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi niliitwa ofisini kwa msimamizi wa Mpango. Tulimwita Mama Mlezi, na hakika alitulea. Mbele yake palikuwa na fomu: nakiri nimefeli, namwomba radhi mhadhiri kwa kumbishia mbele ya darasa.

"Saini, mwanangu, yaishe. Nimekuombea urudie mwaka, wamekubali."

"Mama, shafti yangu haina kosa."

"Najua unavyojisikia."

"Sijisikii, mama. Nimepima."

Alivua miwani akaiweka juu ya fomu. "Mwezi ujao wanakaa kuamua kama Mpango uendelee. Ukileta vurugu sasa hivi watatufungia wote. Wafikirie wenzako wanane."

Hapo ndipo nilipoumia. Mhadhiri alinitia hasira tu, lakini mama huyu alinipenda, na kwa mapenzi hayohayo alikuwa ananiomba niseme uongo. Nililia palepale, sifichi. Kisha nikajifuta kwa mkono wa ovaroli, nikamrudishia kalamu yake.

"Nikisaini hii, nitakuwa nimewasainia na wao wanane."

Nilitoka moja kwa moja mpaka kwa mkuu wa idara. Sikuwa na miadi, na yeye alikuwa anakunywa chai. "Sitaki kuongezewa alama, mzee," nikamwambia. "Nataka kupimiwa. Kwa maikromita ya idara, siyo yetu. Na apime mhadhiri mwenyewe." Sijui aliniamini au alitaka tu nimwache na chai yake, lakini aliinuka.

Karakanani mhadhiri aliipima yangu huku akitabasamu. Ishirini na tano kamili. Tabasamu likamtoka, akapima tena, ishirini na tano kamili.

"Hebu na zile," akasema mkuu.

Ya kwanza ilipungua. Ya pili ikapungua vilevile. Alipofika ya sita mkuu alimwambia basi, akaichukua ringi akaigeuzageuza. "Hii uliitoboa kwa kufuata nini?"

"Shafti ya mfano."

"Na ya mfano uliichonga wapi?"

Mhadhiri aliitazama ile mashine mpya na namba zake za kijani, zilizokuwa zimemdanganya na yeye. Haki ya nani, nilitaka kupanda juu ya meza nipige vigelegele! Nikasema tu, "Naomba shafti yangu."

Jumatatu ikaja barua. Idara, kwa kuwafikiria wanafunzi wa Mpango, imeamua kwa huruma kunipitisha. Huruma! Wale thelathini na mmoja nao walipitishwa, tena bila huruma ya mtu. Mama Mlezi alinishika bega, akasema tushukuru, tuiweke kwenye faili. Thubutu! Niliirudisha kwa mkuu siku hiyohiyo. Penye "kwa huruma" nilikuwa nimekata kwa wino mwekundu, na juu yake nimeandika "baada ya kupimwa".

"Binti, hii ni barua rasmi."

"Ndiyo maana, mzee."

Ilimchukua siku tisa kuichapa upya, na kila siku nilikwenda kuiulizia. Mama Mlezi aliingia kwenye kile kikao na nakala yake mkobani. Mpango haukufungwa.

Imepita miaka ishirini na miwili. Karakana ile sasa naiongoza mimi, na shafti iko mezani kwangu, inazuia karatasi zisipeperuke. Wiki tatu za mwanzo nafunika vioo vyote vya mashine kwa vitambaa, na wanafunzi wananung'unika weee, mpaka wanachoka wenyewe. Mwaka huu binti mmoja, mgeni kabisa, aliwatazama wenzake wote arobaini, akajitazama na yeye, akaniuliza kwa nini ovaroli zetu ni za njano wakati vyuo vingine wanavaa buluu.

"Ndiyo rangi ya karakana hii," nikamwambia, nikamkabidhi maikromita.