Ada ya Mafiga

Karani wa msitu alipotumbukiza mkono katika majivu ya Yeyo Sinyati, Nanyori aliduwaa hata akasahau kumfunika mtoto. Mwanamume mgeni, mkono mpaka kwenye kifundo, ndani ya mafiga ya mama mkwe wake! Katika kijiji kizima cha Sekei hata mume hagusi majivu ya mwanamke.

"Yana moto," karani alisema, akijifuta vidole kwenye suruali. "Hapa jiko moja. Kwa mkeo jiko la pili. Ada mbili."

"Mbili za nini?" Lerionka, mume wa Nanyori, alifoka. "Tangu Wajerumani wauwekee msitu mipaka, tunalipa kwa mzigo. Anayeshuka na kuni anampa askari hela yake, basi. Wiki hii hapa kwetu hakuna aliyepanda mlimani."

"Hiyo ilikuwa zamani. Tangu mwezi huu uandame hatuhesabu mizigo, tunahesabu mafiga. Mpike msipike, mpande msipande, mnalipa."

"Nilipie kuni ambazo bado ziko mtini?"

"Ndiyo, na uzisalimie."

Jirani yao Kasaine, aliyekuwa ameegemea ua, alicheka kwa uchungu. "Karani, mimi jua limenichoma mgongo tangu asubuhi. Niandikie na hilo."

Lerionka hakucheka. Alieleza, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba moto wa mkewe ulitoka katika makaa ya Sinyati siku ile ya kuolewa. Ndivyo wafanyavyo Waarusha. Ni moto mmoja unaolala nyumba mbili, kwa hiyo atalipa ada moja.

"Ng'ombe wako akizaa," karani akamwuliza, "na ndama naye ni ng'ombe yuleyule?"

Lerionka akafungua kifuko chake. Fedha aliyokuwa nayo ilitosha jiko moja tu, na askari wawili pale uani walikuja na kamba. Asiyelipa alipelekwa kuvunja mawe ya barabara mwezi mzima. Nanyori alilijua hilo. Hakuwa hata ametoka katika siku za uzazi, kifua cha mtoto kilikoroma kwa baridi ya Meru, na mama mkwe alikuwa mzee. Lerionka akichukuliwa, ng'ombe na shamba vingebaki na nani?

Sinyati akasogea mbele. "Baba," akamwambia karani, "nikilizima langu, mwanangu atalipia moja?"

"Likibaki moja, atalipia moja."

"Yeyo, usifanye hivyo!" Nanyori alipiga kelele.

Sinyati alikwisha kuinua kibuyu cha maji. Moto ule hakuwahi kuuacha ufe tangu alipokuwa bibi arusi. Kila usiku aliufunika, kila alfajiri aliufufua. Maji yalinguruma juu ya makaa, majivu yakaruka hadi darini. Akatoka uso umekuwa kijivu.

"Njoo uguse tena."

Karani akagusa. Akapokea fedha ya jiko moja, akaitia mfukoni, kisha akawageukia askari. "Mfungeni."

"Mama amekuuliza, ukasema moja!" Lerionka alinguruma.

"Moja kuanzia mwezi ujao. Jiko likikutwa linawaka, limehesabiwa kwa mwezi mzima, hata likizimwa papo hapo."

Lerionka akateremshwa kwenye migomba, mikono nyuma, shingo imesimama, asimtazame mtu. Sinyati aliketi matopeni mbele ya mlango wake, viganja wazi, kama mtu aliyeponyokwa na mtoto.

Nanyori akamfunga mwanawe mgongoni. Akaingia nyumbani kwake, akachota makaa kwa kigae, akatoka nayo mbiombio.

"Unafanya nini, mwanangu? Watarudi!"

"Na warudi, Yeyo. Jiko hili mume wangu analilipia kwa mgongo wake mwezi mzima. Basi litawaka mwezi mzima."

Akapiga magoti kwenye mafiga yaliyolowa, akaanza kupuliza.