Disketi Isiyoguswa

Kwa heshima na taadhima, ninatangaza kwamba Ijumaa moja ya mwaka 1997 wanasayansi wawili waliondoka Magwagwa kwenda kuiokoa elimu ya Kenya. Wa kwanza alikuwa Ogeto wa kidato cha nne. Wa pili nilikuwa mimi, Nyamongo wa kidato cha tatu, na soksi zangu hazikufanana.

Kompyuta ya shule yetu ililetwa na wamishonari ikiwa tayari imezeeka. Bila disketi, zile pana zinazopinda kama chapati, ilikuwa sanduku tu. Disketi ya kuiamsha ilikuwa moja, na humo humo Ogeto alikuwa ameandika programu ya kujumlisha kilo za majani chai ya wakulima. Huo ndio uliokuwa mradi wake wa mtihani wa taifa. Sasa disketi ilikuwa imeanza kukwaruza, na mtahini angefika jioni hiyo hiyo. Kesho yake alikuwa na safari ya Migori. Asingeuona mradi, Ogeto angeandikiwa sifuri.

Mwalimu Abner, aliyetusimamia preps, yaani masomo ya usiku, alikuwa ametafuta kila mahali akapata disketi mpya moja ya kunakilia mradi. Alinikabidhi mimi niitunze, kwa kuwa nilishika funguo za maabara. Mwalimu Abner alikuwa mtu wa imani kubwa.

Kule mjini Kisii, Bwana Gautam, ambaye angetunakilia, alikuwa na kompyuta mpya ambayo bado ilikuwa na mdomo wa disketi pana. Aliiinua disketi yetu mpya kwenye mwanga.

"Mashine yangu inaandika mstari mwembamba," alisema. "Yenu ya zamani inasoma kwa jicho pana. Kama iliwahi kuandika humu, mstari wake mnene utabaki pembeni, hata mkiufuta. Jicho litaona mistari yote miwili, lichanganyikiwe. Imeguswa?"

"Haijaguswa, Bwana Gautam," nikajibu, kwa sauti ya mzee wa kanisa.

"Kama imeguswa sema sasa. Naipitishia sumaku kwanza ifute yote, dakika moja tu."

"Ameshasema, Bwana Gautam," Ogeto akadakia. "Huyu ni mtundu, lakini disketi aliitunza kama yai."

Bwana Gautam akanakili. Disketi ya zamani ililia kama mwiko unaokwangua sufuria, na kazi ilipokwisha ilikuwa imechubuka hadi plastiki ikaonekana. Ile mpya ikafunguka vizuri kwenye mashine yake. Kilo za chai zikajipanga kwenye kioo. Ogeto alicheka njia nzima.

Tulimkuta mtahini kwenye maabara, amekunja mikono. Mwalimu Abner alikuwa amesimama karibu na swichi, maana shuleni kwetu Sabato huanza jua likizama, na hapo hata balbu ya maabara hupumzika.

Ogeto akaingiza disketi. Mashine ikaguna, ikaandika kwamba imeshindwa kusoma. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Ikashindwa.

"Jaribu tena, kijana," mtahini akasema, akitazama dirishani.

Akajaribu tena na tena. Milima ya Manga ikawa nyeusi. Kisha kioo kikajaa takataka za herufi, na katikati ya takataka yakatokea maneno kamili. Mwalimu Abner akainama akayasoma polepole, kama anayesoma Maandiko:

"ABNER ANAKOROMA PREPS."

Mtahini akakohoa. Kengele ya Sabato ikalia. Mwalimu Abner akazima swichi, na mtahini akafunga kalamu yake.

"Pole, kijana," alimwambia Ogeto. "Sikuona kitu cha kuandika."

Tulibaki wawili gizani. Ogeto hakunipiga. Ningependelea anipige.

"Omosacha," akaniita kwa Kikisii, yaani mwanamume, "ni wewe?"

"Ni mimi. Jumatano niliitia ile mpya kwenye mashine yetu, nikaandika. Nilitaka mwalimu akiiwasha asome hayo, darasa licheke. Halafu nikaogopa, nikayafuta. Naapa niliyafuta, Ogeto."

"Bwana Gautam alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Akasema dakika moja tu."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Nilitafuta uongo mzuri, na mimi huwa sikosi. Safari hii sikuupata.

"Ulikuwa umesimama pale," nikasema. "Ungenikasirikia."