Mikaratusi ya Munyemana

Rutayisire alizaliwa Bukavu, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia kule wakiwa vijana, na huko huko alimwoa Nsimire, binti wa Kishi, kabila la wenyeji wa kule. Walipohamia upande wa Rwanda walipanga vyumba viwili Kamembe. Yeye alifanya useremala. Nsimire alivuka mpaka kila asubuhi na nyanya zake, akarudi jioni. Vita vilipofika Bukavu, dada yake Nsimire alivuka na watoto wake, kisha mama yao naye akaja akiwa amebeba sufuria moja na Biblia. Vyumba vile vikajaa mpaka watu wakawa wanapokezana godoro. Hapo ndipo Rutayisire alipoamua kwamba hatangoja tena. Angejenga nyumba ndogo ya mbao kwa mikono yake mwenyewe.

Ardhi aliipata Nkanka, juu ya ziwa, kwa mkulima aitwaye Munyemana. Ilikuwa sehemu ya mteremko nyuma ya boma la huyo mkulima, imejaa mikaratusi mirefu iliyonyooka. Wengine wangeona kazi. Rutayisire aliona nguzo, mbao na paa, vyote vimesimama mahali pale vinamsubiri. Kibali cha kukata miti kilipotoka, kiangazi kilikuwa kimeanza. Akaanza kukata.

Munyemana alikuwa jirani mwema. Alimwazima kamba ndefu ya kuvutia miti, na mchana akimaliza kuhudumia kahawa yake shambani alikuja kusaidia mwenyewe. Mkewe, Uwera, alituma viazi vitamu na maharage katika bakuli lililofunikwa kwa jani la mgomba. Nsimire, ambaye Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuungaunga, alifurahi kukuta kwamba wote wawili walijua Kiswahili. Alimwambia mumewe kwamba Mungu amewapa watu kabla ya kuwapa nyumba.

Miti ilipokwisha kulala chini, vikabaki visiki. Kisiki cha mkaratusi ukikiacha kinachipua na kuinua sakafu, kwa hiyo ilibidi ving'olewe vyote. Walichimba kuzunguka kila kimoja, wakakata mizizi ya pembeni kwa shoka, wakaingiza mtaimbo chini na kuvuta kamba pamoja. Ilikuwa kazi ya kuumiza mgongo. Siku nyingine jua lilizama wakiwa wametoa kimoja tu.

Wakati huo ndipo mama mmoja mzee alipoanza kuja. Alisalimia, akaketi kwenye nyasi upande wa juu, akatazama mpaka walipoweka vifaa chini. Kesho yake akarudi. Nsimire alidhani anataka kuni, akamfungia mzigo wa matawi. Mama akashukuru, akaondoka akiuacha pale pale. Rutayisire hakupenda. Alijiona kama mfanyakazi anayechungwa asiibe. Alipomuuliza Munyemana, yule alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kamba kwamba huyo ni Mukantwari, na kwamba yuko hivyo, wamwache tu akae.

Nsimire hakuridhika na jibu hilo. Siku moja alichukua bakuli la viazi, akapanda akaketi kando ya yule mama, wakala pamoja. Mukantwari aliwahi kuuza mkaa katika masoko ya Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule kule. Alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kusimulia jambo hilo mara nyingi. Mwaka wa 1994, mauaji yalipoanza, yeye alikuwa Gitambi kwa dada yake mgonjwa. Alijificha huko. Aliporudi, nyumba yake ilikuwa majivu na hakuna aliyemwambia watu wake walipelekwa wapi. Baadaye, kwenye mahakama za gacaca, ambako wanakijiji wenyewe walisikiliza kesi za mauaji, watu walieleza habari za majirani wengine. Za kwake hakuna aliyezitaja.

"Bwana yangu na batoto yangu batatu, sijue beko wapi," alisema. "Muntu akichimba musingi, akichimba choo, naendaka kuangalia udongo."

Nsimire alishuka na kumweleza mumewe. Rutayisire aliona aibu kwa jinsi alivyomkasirikia. Lakini usiku ule huko Kamembe alimwambia mkewe ukweli wake wote: alimhurumia yule mama, na tena aliomba asipate alichokuwa anakitafuta, angalau si katika kiwanja chao. Nsimire alikubali kwa sauti ndogo kwamba naye aliomba hivyo hivyo.

Visiki vya chini vilikwisha. Vilibaki vya juu, karibu na mpaka wa Munyemana, mahali pekee palipokuwa karibu tambarare. Hapo ndipo Rutayisire alipotaka kusimamisha nyumba. Munyemana akapinga. Alisema visiki vile vinashika mlima. Wakivitoa, mvua itabomoa kila kitu. Afadhali nyumba iwe chini. Rutayisire akamwonyesha mawe yaliyojaa kule chini, na mfereji ambao maji ya mvua yalipita kila mwaka. Munyemana akashikilia lake, akarudia maneno yale yale, akaondoka. Kesho yake hakuja kusaidia, wala kesho kutwa. Bakuli la Uwera nalo halikuja. Rutayisire alifikiri amemvunjia heshima, akaazimia kwamba wakimaliza kazi hii atampelekea pombe ya ndizi wapatane.

Kisiki kikubwa kuliko vyote kiliwachukua asubuhi nzima. Udongo wa hapo ulikuwa tofauti, mweusi na mwepesi, sururu ikazama kwa urahisi. Mukantwari alikuwa ameacha nyasi zake, akashuka akasimama karibu. Rutayisire alibana mtaimbo, Nsimire akavuta kamba, na kisiki kikageuka kwa sauti ya kupasuka. Mizizi yake ikatoka imebeba kitambaa.

Kilikuwa bado na rangi, bluu. Mzizi mmoja, mwembamba kama kidole, ulikuwa umepita katikati ya kiatu cha plastiki cha mtoto. Chini yake kulikuwa na mifupa.

Rutayisire alirudi nyuma akiwa bado ameshika mtaimbo. Nsimire alijifunika mdomo. Mukantwari hakulia. Alipiga magoti pembeni ya shimo, akaondoa udongo juu ya kitambaa kwa ncha za vidole, akasema bila kumtazama mtu, "Musiguse na jembe tena. Mutumie mikono."

Nsimire alikimbia kumwita mkuu wa kijiji. Rutayisire alipoinua macho alimwona Munyemana kwenye migomba, upande wake wa mpaka. Hakuwa amejificha. Alisimama tu pale na panga lake la kahawa, kama aliyekuja kutazama mvua. Rutayisire akamwendea.

"Ulijua?"

Munyemana alichomeka panga kwenye shina la mgomba. "Nilikuwa kijana," alisema. "Vita iliisha, papa akaleta miche. Akasema tupande hapa yote. Tukapanda."

"Hukumuuliza kwa nini?"

"Nilijua haiko neno ya kuuliza."

"Na miaka hii yote? Huyu mama anapita mbele ya mlango wako."

"Papa alishakufa," alisema Munyemana. "Nilifikiri miti itakaa."

Ila miti alikuwa ameiuza yeye mwenyewe, pamoja na ardhi iliyo chini yake. Rutayisire alitaka kumwambia hivyo, akashindwa. Huyu ndiye aliyevuta kamba pamoja naye, wakacheka pamoja kisiki kilipowaangusha chali. Alirudi shimoni, akapiga magoti upande wa pili wa Mukantwari, akaanza kuchimba kwa mikono.

Jioni ile viongozi walifika, na asubuhi watu wakapanda kutoka kila upande wa kilima. Sehemu yote ya juu ilifukuliwa. Kiwanja ambacho Rutayisire alikuwa anakiandaa kwa kamba na vigingi kikawa handaki refu lenye kina cha kimo cha mtu. Walivyovipata vililazwa juu ya maturubai, mifupa upande mmoja, nguo upande mwingine, na familia zikaja kutoka Gitambi na Rwimbogo, zikapita polepole kati ya maturubai zikiwa zimeinama. Mzee mmoja alitambua sweta ambalo mama yake mwenyewe alilifuma kwa uzi wa rangi mbili, kwa sababu wa kwanza ulimwishia. Alilishika kifuani, akakaa chini, hakuna aliyeweza kumwinua.

Mukantwari alitazama kila kitambaa, kila kifungo, kila kiatu. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akatazama tena. Watoto walikuwepo, lakini si wake. Hakuna kitu hata kimoja alichokijua. Nsimire alimngoja mwishoni mwa turubai la mwisho. Mukantwari alikunja mikono ya gauni lake, akaomba beseni la maji, akajiunga na akina mama waliokuwa wakiosha mifupa kwa ajili ya maziko.

Munyemana alichukuliwa na polisi siku hiyo hiyo, kwa kuficha habari ya kaburi lile. Walipomleta barabarani kwenye gari, Mukantwari aliacha beseni akamfuata, mikono yake ikichuruzika maji. Watu wakampisha.

"Bangu beko wapi?" alimuuliza.

Munyemana alisema hajui. Alisema hapa ndipo pekee anapopajua, na kama angekuwa anajua pengine angemwambia. Mukantwari alimtazama usoni mpaka mlango wa gari ulipofungwa. Nsimire, aliyekuwa karibu, hakuweza kujua kama alimwamini.

Zilipobaki siku chache kabla ya maziko, Rutayisire alitafuta la kufanya kwa mikono yake. Magogo yake yalikuwa yamekwisha pasuliwa, mbao nzuri zilizonyooka, zimepangwa ili zikauke. Nsimire alikuwa amemwambia wazi kwamba hatalala ndani ya nyumba ya mbao zile, wala mama yake hatalala, na yeye hakubishana. Basi alimwendea Mukantwari, ambaye wafiwa walikuwa wamemweka mbele katika mipango ya maziko, akamwambia kwamba yeye ni seremala, mbao anazo, atatengeneza majeneza yote bila kudai kitu.

Mukantwari aliziangalia mbao zile kwa muda mrefu. Hakuonyesha hasira.

"Miti hii ilikula bantu, papa," alisema. "Unataka ubarudishe ndani yake?"

Rutayisire aliondoa mkono wake juu ya mbao. Hakuwa amefikiri hivyo. Alirudi Kamembe, akaomba mbao za misipresi kwa mwenye karakana anakofanya kazi, na majeneza akayatengeneza kwa hizo. Alipiga randa kila ubao pande zote mbili, hata upande usioonekana. Siku ya maziko Mukantwari alitembea mbele pamoja na wafiwa, akiwa amevaa kama wao, na hakuna aliyemuuliza anamzika nani.

Mbao za mikaratusi zilibaki kilimani. Habari zake zilienea, na hata wale waliokuwa wakigombania kuni kila siku hawakuzigusa. Mvua za mwaka zilipoanza, ziliporomosha udongo uliofukuliwa, zikafunika nusu ya mbao zile. Mvua ilibomoa mlima kama Munyemana alivyosema.

Hawakuwa na pesa za kununua ardhi nyingine, na Kamembe watu walikuwa bado wanapokezana godoro. Kwa hiyo Rutayisire alirudi Nkanka, akaanza upya kule chini penye mawe. Aliyavunja kwa nyundo, akachimba njia mpya ya maji, akafyatua matofali ya udongo pamoja na shemeji yake, yule dada yake Nsimire. Kila alipozamisha sururu alisimama kidogo kabla ya kuinua. Kazi ya siku moja ikawa ya siku mbili kwa sababu hiyo, na shemeji yake, aliyejua sababu, hakumharakisha. Hawakukuta kitu. Mukantwari alikuja mara moja, akatazama jinsi mawe yalivyokaa, akasema hapa hapajawahi kuchimbwa na mtu, akawatakia kazi njema. Hakukaa. Kule Rwimbogo walikuwa wanaanza kujenga shule.

Waliingia ndani kabla ya nyumba kwisha, chumba kimoja na baraza, madirisha yakiwa bado ya turubai. Mama yake Nsimire aliomba sala ndefu katika kila pembe, na hakuomba chochote kuhusu upande wa juu.

Bomba la maji lilikuwa mbele ya boma la Uwera. Nsimire alipita pale kila asubuhi na vibidoni vyake vya kutekea maji, na kila asubuhi alisalimia, na Uwera akaendelea kufagia. Mumewe alikuwa bado gerezani, kesi haijaisha. Kahawa ilikuwa imeiva ikaanza kuanguka chini kwa kukosa mtu wa kuichuma. Nsimire aliiona. Alitamani kusema kwamba angekuja kusaidia, lakini hakujua aanzie wapi.

Asubuhi moja Uwera aliacha ufagio. Alimwambia kwa Kiswahili, ili asije akasingizia kwamba hakuelewa.

"Alibaambia mujenge chini. Saa hii munaishi wapi? Chini. Mungejenga hapo tangu mwanzo, bwana yangu angekuwa hapa."

Nsimire alisimama na kibidoni mkononi. Alifikiria lile sweta la nyuzi mbili, na mzee aliyekaa chini nalo. Alifikiria pia viazi vya moto ndani ya jani la mgomba.  Alijaza maji, akafunga bomba vizuri, akarudi nyumbani. Alimkuta Rutayisire akipiga lipu ukutani, akamweleza maneno yale yote. Rutayisire alisikiliza mpaka mwisho, akaomba amwagiwe maji kidogo kwenye udongo, akaendelea kupiga lipu.